Taa Kali za Magari na Lindo la Usiku Kismayo

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku kwenye kizuizi cha barabara anafahamu kwamba kati yake na dereva anayemjia ipo lugha isiyo na maneno. Dereva akiwa bado mbali hushusha taa kutoka kamili hadi dimu. Akikaribia zaidi huzima taa kubwa, akabakiza zile ndogo, kisha akawasha taa ya ndani ili sura yake na za abiria wake zionekane. Kwa ishara hizo tatu huwa amekwisha kusema: nimekuona, ninapunguza mwendo, nami sina ninalolificha. Asiyezitoa huwa amesema neno jingine, na mlinzi hujiweka tayari.

Lugha hiyo siku hizi inaharibika, na kinachoiharibu ni balbu ndogo iuzwayo dukani ndani ya boksi la rangi. Tunazungumzia taa za LED zinazopachikwa katika magari ambayo hayakuundwa kwa ajili yake. Gari lenye balbu hizo, hata likiwa katika dimu, humpiga mtu usoni karibu sawasawa na gari lililowasha taa kamili. Dereva amekwisha kutii, lakini mlinzi hana njia ya kujua kama ametii. Anachokiona mbele yake ni ukuta mweupe unaosogea.

Kismayo si mahali pa kuchezea shaka ya namna hiyo. Tarehe 12 Julai 2019 hoteli ya Asasey ilishambuliwa kwa gari lililojaa baruti ambalo lililipuliwa langoni, kisha watu wenye bunduki wakaingia ndani. Watu 26 waliuawa. Tarehe 23 Oktoba 2022 hoteli ya Tawakal, katika mji huohuo, ilipatwa na shambulio la namna ileile, na watu 9 wakapoteza maisha. Mashambulio hayo hayakuhusiana na taa za magari, lakini yanaeleza kwa nini mlinzi wa mji ule hawezi kulitazama kwa utulivu gari asiloliona vizuri. Na magari mengi yajayo usiku hayana ubaya wowote. Yamebeba samaki, au mizigo ya sokoni, au mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Mlinzi akikosea upande mmoja atakufa yeye na wenzake. Akikosea upande wa pili atakuwa ameua raia.

UPANDE WA BARABARA

Kabla ya kuilaumu balbu, hapana budi tutazame jambo ambalo wengi hulipuuza. Somalia huendesha magari upande wa kulia wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto, na Japani vilevile. Magari mengi ya raia yaliyoko Kismayo ni mitumba ya Kijapani, aghalabu yakipitia Dubai, na usukani wake uko kulia. Bajaji zinazojaa mitaani zimetoka India, ambako pia watu huendesha kushoto. Majeshi ya Kenya yaliyovuka mpaka mwezi Oktoba 2011 na kuingia Kismayo mwaka uliofuata yalikwenda na magari yaliyoundwa kwa barabara za kwao. (Askari wa Sierra Leone waliopelekwa Kismayo mwaka 2013 hawakuwa na taabu hiyo, kwa maana kwao huendeshwa kulia.)

Dereva hodari huzoea kubadili upande kwa siku chache. Taa haizoei. Mwanga wa dimu wa gari la kisasa haukusawazishwa pande zote mbili. Katika gari lililoundwa kwa nchi za kushoto, ukingo wa juu wa mwanga hulala bapa upande wa kulia, ambako magari mengine hutokea, lakini upande wa kushoto hupanda kwa pembe ya nyuzi 15 ili kumulika ukingo wa barabara, watembea kwa miguu na alama za njiani. Ni ubunifu mzuri sana mahali pake. Gari hilohilo likiletwa kwenye barabara ya Afmadow au ya Jamaame, kila kitu hugeuka. Sehemu iliyopanda inamchoma machoni dereva anayekuja, na ukingo wa kulia, ambako mzee anatembea na mbuzi wake, unabaki gizani.

Hayo yote yanatokea kwa taa halali iliyotoka kiwandani na balbu yake ya asili. Kwa hiyo pwani hii ilikuwa na upungufu hata kabla balbu ya kwanza ya LED haijashushwa bandarini. Anayepachika LED ndani ya taa iliyokwisha kuelekea upande usio wake analizidisha kosa lililokuwapo, halafu analipeleka moja kwa moja usoni mwa mlinzi.

BALBU NGENI KATIKA NYUMBA YA MWENZIWE

Taa ya gari si balbu peke yake. Ni nyumba yenye kioo cha kuakisi kwa nyuma, lenzi kwa mbele na balbu katikati, na vitu hivyo vitatu vimepimwa pamoja. Tuchukue balbu ya H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi ya doria. Ndani yake mna nyuzi mbili, mmoja wa taa kamili na mwingine wa dimu. Chini ya uzi wa dimu kimewekwa kikombe kidogo cha chuma kinachoziba mwanga usifike kwenye nusu ya chini ya kioo, kwa sababu nusu hiyo ndiyo ambayo ingeurusha juu. Uzi wenyewe ni wa milimita chache tu, na ukihama hata kwa milimita moja, umbo la mwanga barabarani huvurugika.

Balbu ya LED ya kubadilishia haina uzi. Ina vijipande vidogo vinavyotoa mwanga umeme unapopita, vilivyobandikwa pande mbili za kibao cha chuma. Hakuna hata kimoja kilichokaa pale hasa ulipokuwa uzi, na mwanga wake hutoka kwa pande mbili badala ya kuzunguka pande zote. Kioo kilichopimwa kwa uzi hupokea mwanga huo na kuutupa ovyo: juu ya ukingo, kando, na mwingi mno hapo karibu na bampa. Dereva huona mita 15 za mbele yake zimekuwa kama mchana, akafurahi, akadhani anaona zaidi. Kumbe mboni ya jicho lake imejikunja kwa sababu ya weupe huo wa karibu, na yale ya mbali, yaani shimo, ngamia au mtu, anayaona kwa shida kuliko zamani.

Anayekutana naye huona kidogo kuliko hapo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mtu aliyepigwa na mwanga mkali akihitaji sekunde 3 tu ili macho yamrudie, amekwenda mita 50 bila kuona. Na mlinzi aliyezoea giza hupoteza zaidi, kwa kuwa jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, nalo hulipoteza zoea hilo kwa kumulikwa mara moja. Gari limepita, kizuizi kimefungwa tena, lakini mlinzi yule hana faida kubwa kwa kikosi mpaka macho yake yatakapotulia. Adui akitaka kumpofusha askari kabla ya kusogea kwa miguu, hahitaji silaha nyingine.

SHERIA INASEMAJE

Wapo watakaosema kwamba haya ni maoni ya maofisa wa karakana. La. Chini ya mkataba uliofungwa Geneva mwaka 1958, ambao ndio msingi wa kanuni za magari za Umoja wa Mataifa, taa huidhinishwa pamoja na aina ya balbu yake. Balbu za uzi zina kanuni yake, namba 37, na taa zenye dimu ya kuegemea upande mmoja zina kanuni namba 112. Taa iliyoidhinishwa kwa balbu ya uzi ikitiwa kitu kingine, idhini ile imekufa, hata kama kitu hicho ni kizuri kiasi gani.

Uingereza iliweka wazi katika mwongozo wake wa ukaguzi wa magari mwezi Januari 2021: gari ambalo taa zake za halojeni zimegeuzwa kutumia balbu za LED huanguka mtihani. Marekani nako, mamlaka ya usalama barabarani imeeleza kwamba balbu za LED za kubadilishia katika taa kubwa hazitimizi Kanuni yake namba 108. Ujerumani ilifungua mlango mdogo mwaka 2020, ilipoidhinisha balbu ya LED ya kampuni ya Osram. Lakini hata hiyo ni kwa magari yaliyotajwa kwenye orodha, baada ya kila aina ya gari kupimwa na balbu ile. Asiyeko kwenye orodha hana ruhusa.

Karibu na kwetu, kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote, taa zikiwa zimetajwa kwa jina, viwe katika hali isiyohatarisha wengine barabarani. Polisi hahitaji sheria mpya ili kumsimamisha mwenye taa inayopofusha. Ama kwa gari la jeshi, jambo ni jepesi zaidi: si mali ya dereva, na halibadilishwi kitu bila idhini ya karakana. Tunalisema hili kwa sababu koplo anayemwambia raia ang'oe taa zake hana la kujibu ikiwa Land Cruiser ya kikosi chake imefungwa zilezile.

MABOKSI NA HESABU ZAKE

Tukifika kwenye ubora wa bidhaa yenyewe, uongo mwingi huandikwa juu ya boksi. Balbu ya uzi ya H4 hutoa lumeni 1,000 hivi katika dimu na 1,650 katika taa kamili. Hizo ndizo hesabu ambazo taa ilipimwa nazo. Kwenye boksi la LED mtu husoma wati 40 na lumeni 20,000, yaani lumeni 500 kwa kila wati. Sasa, kiwango cha juu kabisa ambacho maumbile yanaruhusu ni lumeni 683 kwa wati, nacho ni kwa rangi moja tu ya kijani. Mwanga mweupe huishia mbali chini ya hapo. LED nzuri ya gari hutoa kama lumeni 100 kwa wati. Aliyeandika 20,000 hakupima chochote. Alikuwa na wino na nafasi ya kujaza.

Vilevile, mnunuzi asidanganyike kwa kuona herufi E ndani ya duara. Alama hiyo ni ya kweli inapokuwa juu ya lenzi ya taa, ikiambatana na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 43 ni Japani. Juu ya balbu ya LED ya kubadilishia mara nyingi ni idhini ya kanuni namba 10, inayohusu usumbufu wa umeme kwa redio na vyombo vingine. Haisemi lolote kuhusu mwanga.

Na tukiitaja redio, hapa askari asikilize vizuri. Ndani ya balbu hizo kuna kijisanduku cha kurekebisha umeme, ambacho hukata na kuunganisha mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Kilichotengenezwa kwa bei ya chini hutoa mvumo unaoingia katika redio za VHF. Dereva anawasha taa, na mpiga redio aliye kiti cha nyuma anaanza kulalamika kwamba kituo kinakatika. Wakiwa kilomita 10 kutoka kambini wanaweza wasitambue kabisa. Wakiwa mbali, ambako mawimbi yanafika kwa shida, mvumo huo mdogo unatosha kuifuta sauti ya anayeita. Jaribio lake ni rahisi: washa redio bila kupokea mtu, fungua sauti, kisha washa na kuzima taa.

Halafu kuna joto. Watu husema LED haipati joto, na hilo ni kweli kwa upande wa mbele tu. Joto lake huenda nyuma, kwenye mkia wa balbu, ambako huwekwa feni ndogo. Feni hiyo, katika mji wenye mchanga mweupe unaopeperushwa na hewa ya chumvi inayovuma kutoka baharini mwaka mzima, haina maisha marefu. Ikisimama, mwanga hufifia na vijipande huungua kimoja kimoja. Tena huzimika wakati gari liko njiani, si likiwa karakana.

KWA NINI DEREVA HUZITAFUTA

Tusiwe wagumu kuliko haki. Dereva hanunui balbu hizo kwa ubishi. Ananunua kwa kuwa haoni. Barabara za kutoka Kismayo hazina taa, mashimo ni mengi, na taa zake za asili zimekuwa za manjano kama kibatari. Lakini mara nyingi balbu haina hatia. Chumvi imekula waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, au swichi imeungua ndani, na umeme unaofika kwenye balbu umepungua. Balbu ya uzi ni nyepesi kudhurika hapo: umeme ukipungua kwa sehemu 10 katika 100, mwanga hupungua kwa karibu sehemu 30. Fundi apime umeme kwenye kichwa cha balbu taa zikiwa zinawaka, aulinganishe na ule wa betri. Tofauti ikizidi nusu volti, asugue viungo kwa msasa, abadilishe waya wa hasi, aweke rilei. Kisha aisafishe lenzi iliyofifia. Gari lililohudumiwa hivyo humshangaza mwenyewe.

Aidha, LED yenyewe si adui. Tangu Lexus LS 600h ilipotoka na dimu ya LED mwaka 2007, magari mengi yameundwa nazo, na ni taa bora, kwa sababu kioo na lenzi vilipimwa kwa ajili yake. Kwa Land Cruiser za zamani zenye taa za duara za inchi 7 zipo taa kamili za LED, nyumba na lenzi pamoja, zilizoidhinishwa. Karakana ikiagiza hizo, iagize za nchi za kulia.

Kuzitambua hakuhitaji chombo. Simama mbele ya gari, uitazame lenzi. Ukiona mshale uliolala unaoelekea mkono wako wa kulia, taa ni ya nchi za kushoto. Usipouona mshale, ni ya nchi za kulia. Mshale wenye vichwa viwili ni wa taa inayogeuzwa. Baada ya hapo lisimamishe gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na uweke alama ukutani kwenye kimo cha taa. Ukingo wa dimu uwe sentimita 10 hivi chini ya alama, na pale unapopanda uwe mkono wa kulia. Ukipanda kushoto, utepe mweusi ubandikwe kwenye lenzi, ukisogezwa kidogo kidogo mpaka sehemu iliyopanda itoweke ukutani. Waingereza wavukao kuingia Ufaransa na magari yao hufanya hivyohivyo kwa vibandiko vya dukani. Na ukingo ukiwa hauonekani kabisa, ila ukungu mweupe uliosambaa ukuta mzima, hapo hakuna cha kurekebisha. Balbu ing'olewe.

Mkuu wa kizuizi naye ana sehemu yake. Kibao cha kuamuru taa zizimwe kiwekwe mbali, dereva apate nafasi ya kutii. Taa ya kizuizi imulike gari kutoka ubavuni, na mlinzi akae nje ya mstari wa taa za gari. Akipigwa na mwanga, atazame ukingo wa barabara, afumbe jicho moja ili limbakie zima.

VISIWANI HAKUNA BARABARA

Kusini mwa Kismayo, kuelekea Ras Kiamboni, vimepangana visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Lugha ya huko ni Kibajuni, mojawapo ya lahaja za Kiswahili, na askari atokaye Lamu atasikilizana na wazee wa huko bila mkalimani. Gari si chombo chao. Lakini taa za LED, hasa zile ndefu kama rula zilizoundwa kwa magari ya porini, hufungwa pia kwenye boti za faiba, nazo baharini zina hatari ya peke yake.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka chombo cha injini kinachokwenda usiku kionyeshe taa nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe juu. Boti ndogo ya chini ya mita 7, isiyoweza kupita mwendo wa noti 7, yaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Mashua ndogo ya tanga au ya makasia yaweza kuwa na kurunzi tu, iliyo tayari mkononi. Kanuni ya 20 inakataza taa nyingine yoyote inayoweza kudhaniwa kuwa mojawapo ya hizo, au kuzificha, au kuwazuia watu kuangalia mbele. Rula ya LED kwenye omo la boti inafanya makosa yote matatu kwa mara moja. Mvuvi anayeiona hajui boti imeelekeza ubavu gani kwake, wala kama ni mvuvi mwenziwe, doria au mwizi wa nyavu. Atakata kamba na kukimbia, na doria itaona chombo kinachokimbia.

Kwa hiyo boti ya doria inapotaka kuikagua mashua, itangulize taa zake za kanuni ili ijulikane ni chombo gani na kinaelekea wapi. Kurunzi kubwa iwashwe mwisho, imulike maji na ubavu wa mashua, ipande polepole hadi mikononi mwa waliomo. Isimpige nahodha machoni. Miamba ya matumbawe iko pande zote za mikondo ile, naye ndiye anayejua ilipo.